Programu haitazami video ili kujua namba ya episodi

Wengi huamini kwamba programu za kupanga na kuchezea video zako, kama Jellyfin au Kodi, huitambua episodi kwa kuangalia video yenyewe. Kwa kawaida husoma jina la faili tu: S01E05 ni msimu wa 1, episodi ya 5. Kichwa na picha huvutwa kutoka hifadhidata ya mtandaoni.

Hakikisha mwenyewe: badilisha S01E05 iwe S01E06, kisha iambie programu ipitie maktaba upya. Maelezo yatakuwa ya episodi ya 6, video ni ileile. (Rudisha jina ukimaliza.)

Episodi maalumu huandikwa S00E01. Mafaili yaliyopangwa kwa mfuatano wa DVD (jinsi episodi zilivyopangwa kwenye diski) ndiyo yanayosumbua zaidi: hifadhidata ikifuata mfuatano wa kurushwa hewani, vichwa hupishana hata kama namba zimeandikwa vizuri.