Mvumilivu hula mbivu, ila angalieni tarehe ya video

Imetumwa tena kwenye grupu la Waswahili wa huku, ile video ya kocha wa mpira wa Kimarekani wa chuo kaita timu nzima, anamtaja kijana ambaye miaka yote kajilipia ada, "kuanzia leo una skolashipu", wenzake wanamrukia, mama analia kwenye simu. Chini yake ni amestahili, mvumilivu hula mbivu, Mungu hamtupi mja wake. Jamani. Mimi kazi yangu ni kuhesabu hizo skolashipu kwenye chuo kimoja hapa Marekani, punguzeni kidogo.

Hizo video nyingi ni za Agosti. Mbivu huiva mwezi wa nane tu? Agosti ndio kocha anajua nani kahama, nani kafeli darasani, nafasi gani imebaki haina mwenyewe, na msimu uko mlangoni hakuna tena wa kumsajili. Basi anapewa huyo kijana, mara nyingi ya mwaka mmoja, mwakani inarudi mezani. Simnyimi furaha yake, ada ni ada.

Kwa miaka mingi vyuo vikubwa, yaani daraja la juu liitwalo FBS, kikomo kilikuwa wachezaji 85 wenye skolashipu na haigawanyiki, ukimpa mtu hata dola mia za mpira kahesabiwa kichwa kizima. FCS, daraja linalofuata, walikuwa na 63 na wao waliruhusiwa kuzikatakata. Divisheni ya tatu hakuna kitu, Ivy League, yaani Harvard na wenzake, hakuna kitu, kwa hiyo mtu akikwambia mwanae kapata skolashipu ya mpira Harvard mpongeze kwa kuingia Harvard, hizo hela kapewa kwa kuangalia kipato cha familia, mbio zake hazimo.

Sasa kocha mwenye 85 hakai chini akajiuliza nani anastahili, anajiuliza wale wanene wa mstari wa mbele wangapi wanamaliza mwaka huu, na mwanao ni risiva, yule wa kukimbia na kudaka pasi, na marisiva anao saba, basi hata akikimbia kama swala hapo hana chake. Na ofa ya mdomo siyo skolashipu!! Kocha huyohuyo kawaambia hivyohivyo wengine watatu wa nafasi hiyohiyo. Hakuna sahihi hakuna kitu.

Halafu Juni 2025 jaji Claudia Wilken akapitisha maridhiano ya kesi ya House, ile ya wanamichezo kuishtaki NCAA inayosimamia michezo ya vyuo, vyuo vilivyokubali vikaondolewa hiyo 85 na kuwekewa kikomo cha kikosi kizima, watu 105, wote wanaweza kulipiwa. Watu wakashangilia skolashipu 20 za ziada. Hesabuni tena basi, timu nyingi zilikuwa na watu 120 na zaidi, hao waliozidi ni akina nani kama siyo wale wa kwenye video? Jaji alilikomalia hilo mpaka waliokuwa wameshakatwa wakawekewa nafuu, na hata hiyo ni chuo kikipenda.

Hapo ndipo na mimi nakwama. Baker Mayfield aliingia Texas Tech 2013 bila skolashipu, akahamia Oklahoma akaanza tena bila, 2017 kachukua Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. J.J. Watt, aliyekuja kuwa nyota wa NFL, aliacha skolashipu yake Central Michigan akaenda kujilipia Wisconsin. Makocha wanaolipwa mamilioni waliwatazama hao wakapita. Kwa hiyo nikisema skolashipu ni kununua msimu ujao, mnunuzi mwenyewe mara nyingi anabahatisha. Na yule anayejifanya mpinzani kila Jumanne mazoezini, miaka mitatu anagongwa na watu wa kilo 140 ili wao wawe tayari Jumamosi, ile ni kazi kabisa, na fomu zangu hazina pa kuiandika. Ningeulizwa mimi ningempa yeye kabla ya risiva aliyehamia Januari, kocha angenitoa ofisini mbio, na nahisi Jumamosi timu ikifungwa nyie nyote mngekuwa upande wa kocha.