Unachotakiwa kuwa nacho kabla ya kuomba uzamili wa elimu maalum

Msimu wa udahili ukikaribia, walimu wa skuli za Unguja na Pemba huniuliza swali moja: nina shahada ya kwanza ya ualimu, nataka kusomea uzamili wa elimu ya watoto wenye mahitaji maalum, je, nitakubaliwa? Kwa walio wengi jibu ni ndiyo, kwa sababu masharti ya kuingia si mazito kama watu wanavyodhani. Uzito uko pengine, mahali ambapo matangazo ya vyuo hayagusi. Uzamili katika vyuo vyetu humfundisha mtu kutafiti, kupanga na kusimamia elimu maalum, lakini haumfundishi sana namna ya kukaa na mtoto asiyeona akamfikisha kusoma sentensi yake ya kwanza. Ufundi huo chuo hukuchukulia kuwa unao tayari, na asiyekuwa nao anaweza kuhitimu vizuri kabisa na akarudi darasani vile vile alivyoondoka.

Nianze na masharti yenyewe. Kwa kawaida vyuo vikuu vya Tanzania humtaka mwombaji awe na shahada ya kwanza yenye wastani usiopungua 2.7 katika mfumo wa alama 5, yaani daraja la pili la chini. Aliye chini ya hapo hajafungiwa mlango, kwani anaweza kupitia stashahada ya uzamili, akafanya vizuri, kisha akaomba. Ambaye shahada yake si ya ualimu, tuseme ya saikolojia au ya sayansi, mara nyingi hutakiwa asome kwanza stashahada ya uzamili ya ualimu. Uzoefu wa kufundisha huhesabiwa kuwa nyongeza nzuri, na vipo vyuo vinavyoutaja waziwazi kuwa ni sharti.

Kwa mujibu wa mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, shahada ya uzamili ina krediti zisizopungua 180, na kila krediti moja ni saa 10 za kujifunza. Hizo ni saa 1,800. Mwalimu anayefikiria kusoma huku anaendelea na vipindi vyake azigawe saa hizo kwa miaka miwili, na ataona kuwa anadaiwa saa 17 hivi kila wiki, Ramadhani na likizo zikiwemo. Nawashauri walimu waifanye hesabu hii pamoja na wake au waume zao, maana wao ndio watakaobeba sehemu ya mzigo huo.

Katika nyaraka, kinachokwamisha watu wengi wa huku kwetu ni majina. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Mohamed, cha kidato cha nne kina Mohammed, na transkripti ya chuo imeongeza jina la babu ambalo halimo kwingine kote. Chuo hakiwezi kukisia kuwa hao watatu ni mtu mmoja, kwa hiyo kiapo cha majina kitengenezwe mapema, si wiki ya mwisho ya kupokea maombi. Waliosoma nje, wakiwemo ndugu zetu wengi waliosoma Sudan na Malaysia, wanahitaji shahada zao zitambuliwe na Tume ya Vyuo Vikuu, na vyeti vilivyoandikwa kwa Kiarabu viambatanishwe na tafsiri iliyothibitishwa.

Sasa nirudi kwenye ufundi, na mfano wangu ni nukta nundu, maandishi ambayo wasioona huyasoma kwa vidole. Walimu wengi huzijua nukta zake sita kutoka kwenye chati, safu mbili zenye nukta tatu tatu, na hudhani kuwa hapo wamemaliza. Mtoto anayeandika kwa kibao na kalamu ya kutoboa, ambavyo ni rahisi kupatikana kuliko mashine ya kuandikia nukta nundu, hutoboa karatasi kwa nyuma. Huanzia kulia kwenda kushoto, na kila herufi huitoboa ikiwa imegeuzwa, ili karatasi ikipinduliwa vidole visome kutoka kushoto kwenda kulia. Mtoto mgeni husahau kugeuza. Herufi e isipogeuzwa husomeka i, na i husomeka e. D na f hubadilishana nafasi, na kadhalika r na w. Basi mtoto aliyekusudia kuandika "feri", akafuata mwelekeo sahihi wa mstari lakini akasahau kugeuza herufi zenyewe, karatasi yake itasomeka "diwe". Mwalimu asiyejua kinachotokea mkononi atampa sifuri ya imla na kuandika kwenye ripoti kwamba mtoto ana tatizo la kujifunza, ilhali imla yake haina kosa hata moja. Anayejua atacheka naye kidogo, amshike mkono, na wayapitie maumbo ya herufi upya.

Ujuzi wa namna hii hupatikana kwa mazoezi ya miezi chini ya mtu anayeujua. Kwa Tanzania Bara, Chuo cha Ualimu Patandi kilichoko Arusha kimejengewa kazi hiyo, na kwa Kenya ipo taasisi ya taifa ya elimu maalum iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1986. Lugha ya Alama ya Tanzania nayo haisomwi kwa kukariri picha za mikono. Uso una sehemu yake katika sarufi ya lugha hiyo, na walimu bora wa lugha ni viziwi wenyewe. Mwombaji anayeniambia kuwa amekuwa akikaa na jumuiya ya viziwi, akafundishwa na kusahihishwa nao, huniridhisha kuliko mwenye vyeti vya semina vya kujaza faili.

Lipo pia suala la kuchagua mwelekeo. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliingiza elimu mjumuisho, na mwaka huo huo ilitungwa sheria ya haki na fursa za watu wenye ulemavu. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009. Kwa utaratibu huo, mtoto wa Micheweni mwenye uoni hafifu anatarajiwa kuwa darasani pamoja na wenzake wa mtaa mmoja. Ndiyo maana huwaelekeza watu kwenye programu inayochanganya elimu mjumuisho kwa upana na aina moja ya ulemavu kwa kina. Aliyebobea katika uziwi peke yake ataajiriwa kuwa mshauri wa skuli nzima, na kesho yake ataletewa mtoto mwenye usonji.

Vyuo vingi humtaka mwombaji aambatanishe wazo la utafiti. Hapa ndipo naona maombi mengi yakidhoofika, kwa kuwa kila mtu huleta "changamoto za elimu mjumuisho Zanzibar", mada ambayo haina mpaka wala swali. Andika juu ya unachokiona: namna walimu wa hisabati wa darasa la tano wanavyobadilisha maswali ya michoro kwa ajili ya wanafunzi wenye uoni hafifu katika wilaya moja. Hilo linaweza kupimwa na kukamilika. Ukumbuke pia kuwa utafiti unaofanyika Zanzibar unahitaji kibali cha Serikali ya Mapinduzi, hata kama chuo chako kiko Dodoma au Dar es Salaam, na kwamba unaowahoji ni watoto. Ridhaa ya mzazi ni lazima, na mtoto mwenyewe aulizwe kwa njia anayoielewa.

Kuhusu kusoma nje, Chuo Kikuu cha Kenyatta nchini Kenya na cha Kyambogo nchini Uganda vina idara zinazojulikana kwa fani hii, na mazingira ya madarasa yao hayako mbali na yetu. Norway ilikuwa kimbilio la walimu wengi wa Afrika Mashariki, lakini tangu mwaka 2023 wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya wanalipishwa ada katika vyuo vya umma vya huko, kwa hiyo bila ufadhili usiihesabu. Programu za Marekani zinazotangazwa mtandaoni zina krediti 30 hadi 36 kwa kawaida, na wengi hudhani ni fupi kuliko zetu. Krediti za kule hazihesabiwi kwa saa 10. Sehemu kubwa ya programu hizo humwandaa mwalimu kupata leseni ya jimbo fulani na kuitekeleza sheria yao ya elimu ya watoto wenye ulemavu, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1975. Mpango wa elimu wa mwanafunzi binafsi, unaotokana na sheria hiyo, unafaa kusomwa popote. Taratibu za kisheria za Texas, kwa upande mwingine, hazitakusaidia Wete.

Kabla ya kulipa ada ya programu yoyote ya mtandaoni, andikia chuo uulize mambo mawili: mazoezi ya vitendo yatafanyika katika skuli gani na yatasimamiwa na nani, na je, shahada hiyo inatambuliwa na mamlaka ya vyuo vikuu ya nchi yao? Jibu likiwa kwamba mazoezi utayapanga mwenyewe, ujue kuwa hakuna atakayekuona ukifundisha. Ruhusa ya mwajiri nayo uiombe kwa maandishi kabla ya kuthibitisha nafasi, na nakala yake uiweke pamoja na barua ya udahili, kwa kuwa wafadhili wengi huzitaka zote mbili kwa pamoja.