TXDELAY ni nini kwenye redio ya pakiti?

Sikiliza walinzi wakiongea kwa redio za mkononi. Mara nyingi utasikia "…ti namba mbili, njoo" badala ya "geti namba mbili, njoo". Mtu kabonyeza kitufe na kuanza kuongea hapo hapo, redio yake bado haijaanza kurusha. Sikio lako linajazia. Kompyuta haijazii: kwenye redio ya pakiti, yaani kutuma data ya kompyuta kwa redio vifurushi vifurushi, kila pakiti hufuata muundo uitwao AX.25; ikiharibika biti moja tu, hesabu ya ukaguzi iliyo mwishoni inakataa na pakiti nzima hutupwa.

Kwa wapenzi wa redio ya ridhaa, TXDELAY ni muda kati ya modemu (kifaa kinachogeuza data kuwa toni za sauti) kuiamuru redio irushe na data yenyewe kuanza kutoka. Muda huo haupiti mtupu. Modemu hurudia-rudia alama ya mpaka wa pakiti, 01111110, ili modemu ya upande wa pili ishike mapigo. Zikikatika alama kadhaa za mwanzo, hakuna hasara. Ikikatika anwani, kwisha habari.

Kwenye KISS, itifaki ya kompyuta kuzungumza na modemu iliyoelezwa na Mike Chepponis na Phil Karn mwaka 1987, namba ya TXDELAY huhesabiwa kwa makumi ya milisekunde. Ukiona 30, soma milisekunde 300.

Wengi huiweka kubwa "kwa usalama". Mimi naona ni uchoyo. Kwa kasi ya biti 1200 kwa sekunde, milisekunde 500 zingetosha kubeba baiti 75, yaani ripoti fupi nzima ya APRS, mfumo wa kutangaza mahali kituo kilipo kwa redio ya pakiti. Kwa hiyo nusu ya muda unaokalia masafa ni alama tupu, na masafa hayo, mfano 144.800 MHz kule Ulaya, yana foleni ya watu wengine.

Anzia 30. Tuma pakiti kadhaa, shuka kwa 2 au 3, tuma tena. Zikianza kupotea, panda 5 hadi 10 na uishie hapo. Redio za zamani zinazobadilisha njia ya antena kwa rilei, yaani swichi inayosukumwa na umeme, huhitaji muda zaidi, na ukirusha kwa VOX, yaani redio inayojiwasha ikisikia sauti, ongeza tena.

Ila usipime kwa redio yako peke yake. Skwelchi ya mpokeaji, yaani kizuizi kinachonyamazisha redio kusipokuwa na mawimbi, nayo huchelewa kufunguka, na hata mwenzako aliyetoka kurusha sasa hivi anahitaji kitambo redio yake irudi kusikiliza. Ndiyo maana mipangilio inayofaulu kwa ripoti za APRS huweza kukwama mkianza kujibizana. Mpokeaji akiacha skwelchi wazi, modemu ikatambua pakiti yenyewe, mtaokoa muda mwingi.

Na ukifika 50 pakiti bado hazisomeki, achana na TXDELAY. Punguza sauti inayotoka kwenye modemu kuingia redioni. Ikizidi hupotosha toni, na hakuna ucheleweshaji utakaoinyoosha.