Seluli kwenye saa janja ni nini hasa, na kwa nini inagoma ukiiacha simu ndani

Umetoka kukimbia, simu umeiacha mezani makusudi kabisa maana hiyo ndo sababu iliyokufanya ununue saa yenye laini yake, umefika mita mia tano unataka kupiga simu, saa inakwambia haijaunganishwa. Unarudi ndani unakaa karibu na simu, kila kitu kinafanya kazi freshi, meseji zinaingia, hali ya hewa inafunguka, unapiga unapokelewa. Kesho yake unatoka tena, imegoma tena. Wengi hapa wanasema saa mbovu, wengine wanasema mtandao mbovu, na mara nyingi wote wamekosea kwa sababu hawajui hilo neno seluli linamaanisha nini likiwa kwenye saa.

Tuanzie kwenye neno. Seluli imetoka kwenye seli, na sio ile ya kituo cha polisi. Mwaka 1947 wahandisi wa Bell Labs kule Marekani waliandika wazo kwamba badala ya kuwa na mtambo mmoja mkubwa unaorusha mawimbi mji mzima, eneo likatwe vipande vidogo vidogo, kila kipande kiwe na mnara wake wenye nguvu ya wastani, na masafa yaleyale ya redio yarudiwe kwenye vipande visivyopakana ili yasigongane. Hicho kipande ndo seli. Kwa hiyo kifaa cha seluli ni kifaa chenye redio inayoongea na mnara moja kwa moja, halafu ukitembea unakabidhiwa toka mnara huu kwenda ule bila wewe kujua. Simu yako ni ya seluli, hata kama wewe unaiita rununu au ya mkononi. Na saa ya seluli ni saa yenye redio yake na laini yake ndani, inaweza kuongea na mnara bila kumuomba simu ruhusa.

Sasa kuna watu wamenunua saa imeandikwa GPS kwenye boksi wakadhani ndo hiyo hiyo. Siyo. GPS inasikiliza setilaiti tu ijue uko wapi, haitumi kitu chochote kwa mnara wowote. Kwenye Apple Watch nyingi zenye seluli kuna alama nyekundu kwenye kile kitufe cha kuzungusha pembeni, ukiona hakuna nyekundu cheki jina la modeli yako kwanza kabla hujaanza kulaumu watu. Kama redio haimo, hakuna apdeti itakayoiweka.

Haya, twende kwenye chenyewe. Kwenye simu, seluli ni njia kuu. Kwenye saa, seluli ni njia ya mwisho. Hapa ndo watu wanapotea, kwa sababu saa ikiwa na simu yake karibu haitaki hata kuiwasha hiyo redio ya seluli, inapitia Bluetooth kwenda kwenye simu, na simu ndo inafanya kazi yote. Ikikosa Bluetooth inatafuta waifai inayoijua. Ikikosa na waifai, hapo sasa kwa shingo upande inawasha seluli. Na haina ubaya, betri ya saa nyingi iko kati ya mAh 250 na 600 (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri inabeba) wakati simu za siku hizi zinafika mAh 5000, redio ya seluli inakula chaji kuliko hizo nyingine, ingeachwa wazi muda wote saa ingekufa mchana.

Maana yake ni nini? Maana yake ile "inafanya kazi vizuri nikiwa nyumbani" sio ushahidi wa chochote. Unaweza kukaa miezi sita na saa ambayo laini yake haijawahi kuwashwa hata siku moja na usijue, kwa sababu siku zote imekuwa ikibebwa mgongoni na simu. Kwenye Apple Watch ukifungua ile paneli ya vitufe, kitufe cha seluli kikiwa cheupe maana yake laini ipo ila sasa hivi saa inatumia simu au waifai, kikiwa cha kijani ndo iko kwenye seluli yenyewe. Watu wanaona cheupe wanapaniki, wakati cheupe ukiwa na simu mfukoni ndo inavyotakiwa. Saa za Galaxy za Samsung nazo ukiingia kwenye setingi za mtandao wa simu unakuta unaweza kuiacha ijiamulie yenyewe au kuiwasha moja kwa moja, na ile ya kujiamulia inafanya hivyohivyo, inasubiri simu ipotee kwanza.

Kwa hiyo jaribio la kweli ni moja tu, kuitenganisha saa na simu kikwelikweli. Na hapa napo kuna mtego. Kuzima Bluetooth kwenye ile paneli ya haraka ya iPhone hakuikati saa, inabaki imeunganishwa, imetengenezwa makusudi hivyo. Kuweka simu hali ya ndege pia sio salama sana maana setingi ikiwa ya kuigana, saa nayo inaingia hali ya ndege, halafu unakaa unaishangaa eti haina mtandao. Zima simu kabisa. Kabisa, sio kuilaza. Halafu kwenye saa zima waifai, subiri dakika moja mbili, maana saa haikimbilii seluli papo hapo, inahangaika kumtafuta simu kwanza.

Halafu piga simu. Usijaribu kwa meseji! Hili nalirudia kwa sababu limepotezea watu muda mwingi: kwenye Apple Watch iliyounganishwa na simu, meseji za kawaida (SMS) na taarifa za apu nyingi za watu wengine zinategemea simu iwe imewashwa na iwe na mtandao huko ilipo, hata kama iko mbali nawe. Simu ikizimika chaji mezani, saa inaweza kuwa na mtandao mzuri kabisa wa kupiga na kupokea simu lakini meseji za kawaida haziingii. Sio ubovu, ndo mpangilio. Kwa hiyo ukijaribu kwa meseji wakati simu umeizima utajidanganya mwenyewe. Piga namba ya mtu, halafu fungua kitu cha intaneti kama hali ya hewa.

Matokeo yake yanakugawia tatizo. Ikipiga na intaneti ipo, saa yako nzima, shida yako huenda ilikuwa ni kati ya saa na ile waifai uliyoizima. Hii ya waifai nimeipenda maana iliwahi kuwapata wenyewe watengenezaji. Septemba 2017 Apple walipotoa Series 3, ambayo ndo Apple Watch ya kwanza yenye seluli, watu wa kwanza kupewa kuijaribu wakaanza kulalamika inakata, na Apple wakakubali kwamba saa ikiingia kwenye waifai ambayo haijathibitishwa na haina intaneti, wakati mwingine inazuiwa kutumia seluli. Walitoa apdeti ya mfumo wa saa, watchOS 4.0.1. Lakini somo lenyewe halijaisha muda wake: saa inarithi waifai ambazo simu yako inazijua, zile za hotelini na uwanja wa ndege zinazotaka ufungue ukurasa ukubali masharti, saa inaweza kupita pale ikaikumbuka, ikajishika humo, na humo hamna kitu. Ukiona inagoma sehemu zilezile kila siku, mfano ukipita karibu na jengo fulani, iambie simu isahau hiyo waifai na uone.

Ikiwa intaneti ipo ila kupiga hakuna, hapo hutafuti mnara tena, unatafuta huduma ya sauti. Kwenye 4G simu inapigwa kwa VoLTE, yaani sauti inasafiri kama data, na kampuni ya simu lazima iwe imeiwasha kwenye laini ya saa, sio ya simu peke yake. Kuna maeneo ambayo 3G imeshafungwa, Marekani kwa mfano kampuni kubwa zilimaliza kuifunga mwaka 2022, na saa isiyo na VoLTE hapo haina pa kukimbilia. Na namba pia. Saa unadhani ina namba yako, kumbe kwa kampuni nyingi laini ya saa ina namba yake iliyofichwa, halafu kampuni inaifungia kwenye namba yako ili zote ziite pamoja. Huo ufungaji ukilegea unapiga simu mtu anaona namba asiyoijua, au unaitwa saa haiiti. Hilo halitibiki na kuzima na kuwasha.

Ikiwa hakuna chochote, si simu si intaneti, cheki kwanza vitu vidogo vya aibu: seluli yenyewe imewashwa? Saa iko kwenye hali ya kubana chaji? Maana hali hiyo kwenye Apple Watch inabana na waifai na seluli pale simu inapokuwa mbali, na watu wanaiwasha asubuhi ili chaji ifike jioni halafu wanalalamika. Apdeti, zima washa, sawa, fanya, ni dakika tano. Ikishindikana ingia kwenye laini yenyewe.

Laini ya saa nyingi za siku hizi ni eSIM, hakuna kadi ya kuchomoa ukaifuta vumbi. Zamani kidogo zilikuwepo, Samsung Gear S ya 2014 ilikuwa inachukua kadi ndogo kama simu, ila kuanzia 2016 saa zilianza kuhamia kwenye chipu iliyogandishwa ndani, na laini inashushwa kama faili. Saa ina namba mbili za utambulisho: IMEI ya tarakimu 15 ambayo ni ya kifaa, na EID ya tarakimu 32 ambayo ni ya hiyo chipu ya eSIM. Kampuni ya simu inaandika kwenye kompyuta yake kwamba EID hii imepewa laini hii na imefungwa na namba hii. Ukibadilisha saa, au saa ikabadilishwa kwenye matengenezo, EID ni nyingine, na kompyuta ya kampuni bado inaongea na marehemu. Unalipia kila mwezi plani ya saa ambayo haipo duniani. Mimi ilinikuta, wiki tatu nilikuwa nahangaika na setingi kumbe EID iliyosajiliwa ilikuwa ya saa ya zamani.

Na ukihama kampuni kwenye simu, saa haihami nayo yenyewe. Apple Watch iliyounganishwa na simu yako inataka laini ya kampuni ileile ya simu, isipokuwa ule mpangilio wa mtoto au mzee asiye na iPhone yake. Pia sio kila kampuni inayouza eSIM ya simu inauza ya saa, ni huduma tofauti upande wao, kwa hiyo usitegemee kuskani msimbo wa QR wa laini yoyote ukaiingiza kwenye saa ikakubali.

Kinachobaki ni mawimbi, na hapa nitakuwa mfupi kwa sababu huna la kufanya sana. Antena ya saa ni ndogo, iko kwenye mkono, na mwili wa binadamu ni maji matupu unameza mawimbi. Sehemu ambayo simu ina vijiti viwili vya mtandao saa inaweza kuwa haina kitu, usizilinganishe. Kuna pia suala la masafa, saa iliyotengenezwa kwa soko la bara jingine inaweza kukosa masafa ambayo minara ya kwako inayatumia zaidi, inashika hapa inapotea pale, na hiyo haina dawa. Toka nje, sehemu ya wazi, jaribu hapo kabla hujahukumu.

Kuitenganisha saa na simu kwenye apu na kuiunganisha upya ni hatua ya mwishomwisho, sio ya kwanza kama wengi wanavyoshauri. Apple inakuuliza ubaki na plani au uifute, kama ni saa hiyohiyo na simu hiyohiyo bakiza, maana ukiifuta unaweza kulazimika kuomba upya kwa kampuni.

Na ukiwapigia kampuni usiseme "laini yangu haifanyi kazi". Mhudumu atakaa anakagua laini ya simu, ataiona nzima, atakwambia zima washa. Sema ni plani ya saa, simu umeizima kabisa na waifai umezima, kupiga kunagoma ila intaneti ipo, au vyote havipo, halafu mwambie akusomee EID aliyonayo kwenye mfumo. Wewe uwe umefungua ya kwako kwenye setingi za saa, upande wa kuhusu kifaa, mnalinganisha tarakimu moja moja hadi ya 32.