Divisheni I siyo mlango pekee

Kijana akianza kutamba kwenye mbio pale Iten au Eldoret, wasia wa kwanza anaopewa ni huu: ukienda kusoma Marekani, tafuta chuo cha Divisheni I, yaani daraja la juu kati ya madaraja matatu ya michezo ya vyuo huko, hivyo vingine ni vya walioshindwa. Si kweli.

Chuo cha Adams State, kilichoko Alamosa, Colorado, kiko Divisheni II. Mwaka 1992 wanaume wake walizoa nafasi zote tano za kwanza kwenye fainali ya kitaifa ya mbio za nyika ya divisheni hiyo. Pointi ni jumla ya nafasi za wakimbiaji watano, na ndogo ndiyo bora: walipata 15, na katika mchezo huo huwezi kushuka chini ya hapo. Mji wenyewe uko mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu kama Iten. Mapafu hayajui divisheni.

Na fedha? Wengi hudhani kila mwanariadha wa Divisheni I husomeshwa bure. Kwa miaka mingi, hadi 2025, riadha na mbio za nyika za wanaume kwa pamoja ziliruhusiwa ufadhili kamili 12.6 tu kwa kila chuo, na makocha waliukatakata vipande ili kuwagawia wanariadha wengi. Divisheni III haitoi ufadhili wa michezo hata senti. Lakini MIT, chuo maarufu cha teknolojia, kimo humo, na msaada wake hufuata uwezo wa familia.

Muulize kocha: nikiumia goti, ada italipwa na nani? Maabara ya uhandisi ikigongana na mazoezi, kipi kinasogezwa? Akikwepa lile la goti, mimi ningempigia kocha mwingine.