Mashamba matatu ya mama

Kazi yangu ni mwani. Nazunguka vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, na mara mojamoja Pemba, kukagua mbegu, kupima joto la maji na kubishana na wakulima kuhusu kamba. Watu wakisikia kwamba mama yangu naye alilima mwani, huniambia: "Kumbe bidii ya mama ndiyo iliyowatoa." Naitikia kwa kichwa, maana si adabu kumbishia mtu anayemsifu mama yako. Lakini kama bidii peke yake ingetosha, kijiji chetu kizima kingekuwa na nyumba za ghorofa. Miaka yote hii sijakutana na mwanamke mvivu aliyesimama kwenye maji ya magoti saa nne za asubuhi, jua linachoma, kainama anafunga mbegu. Mvivu hafiki huko. Mama alikuwa na bidii kama wenzake. Alichowazidi ni namna alivyoukata mwezi.

Kabla ya mwani palikuwa na makumbi. Mwanamke wa upande wetu alifukia makumbi ya nazi kwenye mchanga wa ufukwe, akayapandishia mawe yasichukuliwe na maji, akangoja miezi mpaka yaoze. Akayafukua yananuka, akayaponda kwa rungu, akatoa usumba, akasokota kamba. Mama alianza kazi hiyo kabla ya kuolewa. Kamba zake zilinunua chumvi na mafuta ya taa, zikaishia hapo.

Mwani wa biashara uliingia mwaka 1989, mbegu zikitoka Ufilipino, na vijiji vya Paje na Jambiani vikawa miongoni mwa sehemu za kwanza. Utafiti wa Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulikuwa umetangulia. Mwanzoni wanaume nao waliingia majini. Walipoona bei ilivyo, wengi wakarudi kwenye uvuvi au wakakimbilia hotelini, na shamba likabaki la wanawake.

Kwa asiyelijua shamba la mwani: unachomeka vijiti viwili mchangani, unavuta kamba ya hatua chache kati yake, na kwenye kamba hiyo unaning'iniza vipande vya mbegu kwa vijikamba vidogo tunavyoviita taitai. Mwani wenyewe hauna mizizi ya kushika chini. Maji ndiyo yanayoulisha. Baada ya wiki sita hivi kipande cha ukubwa wa kiganja kimekuwa kichaka. Unavuna, unaanika siku mbili tatu, unajaza magunia. Huko nje ya nchi unatolewa karajinani, ule utelezi unaofanya dawa ya meno isiwe maji na aiskrimu isitengane. (Mama nilipomweleza hili aliniuliza kwa nini basi aiskrimu ni ghali na mwani ni rahisi. Nimesoma miaka minne na bado sina jibu la kumtosheleza.)

Sasa mwezi. Shamba la mwani haliingiliki kila siku. Linaingilika wakati wa bamvu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yanapokupwa mpaka vijiti vinaonekana. Huku kwetu kupwa kwa bamvu huangukia karibu saa nne asubuhi, na una saa tatu au nne za kufanya kazi kabla maji hayajarudi. Hiyo ni siku tano, sita hivi. Kisha yanakuja maji mafu, na shamba limezama mpaka bamvu lijalo. Kwa hiyo mwaka wa mkulima wa mwani hauna wiki wala miezi, una mabamvu.

Wanawake wengi walipanda shamba zima kwa bamvu moja na kulivuna kwa bamvu moja. Ni rahisi hivyo, na mnunuzi akija anakuta mzigo. Lakini pesa inaingia mara moja, kisha wiki sita za ukame, na ndani ya wiki hizo mtoto anaumwa, unakopa dukani, na mavuno yajayo yanakwenda kwa muuza duka kabla hujayaona. Mama alilikata lake mapande matatu. Bamvu hili anapanda pande la kwanza, linalofuata la pili, linalofuata la tatu, na kufikia lile la nne pande la kwanza limeshaiva. Mabamvu matatu ni kama siku 44. Ukuaji wa mwani na mwendo wa mwezi vinakutana hapo kama vimeagana. Chuoni mwalimu alipotuchorea ubaoni upandaji wa kupishana, niliinama nikacheka peke yangu. Nilikuwa nimeubeba huo kichwani, umo ndani ya tenga, tangu nina miaka minane.

Faida yake si kwamba alipata zaidi. Kilo ni zilezile. Tufanye hesabu ya mfano: pande la kamba 100, kila kamba ikikubali itoe kilo nane mbichi, na kilo saba au nane mbichi ndizo zinazobaki kilo moja kavu. Hapo una kilo 100. Kwa bei ya wakati ule, tuseme shilingi 400 kwa kilo, ni shilingi 40,000, toa kamba, toa taitai, toa mbegu iliyokufa. Hiyo ni hesabu ya mwaka mzuri. Ila kidogo kinachokuja kila baada ya wiki mbili unaweza kukipangia kazi, na hapo ndipo upatu ulipoingia. Yeye na wenzake tisa walicheza upatu wa bamvu kwa bamvu, si wa wiki wala wa mwezi, kwa sababu ndipo mkono unapokuwa na kitu. Mama siku zote aliomba awe wa mwisho. Wenzake walimcheka: anayepokea mwisho anawakopesha wote. Yeye alisema akipokea mwanzo ataila.

Pesa za upatu wa kwanza zilinunua mabati, makuti yakashuka. Zilizofuata ziliingia kwenye mawe na saruji, chumba kimoja baada ya kingine, mwaka huu msingi, mwaka ujao lenta. Ada na sare zilikuwa na pande lake, la tatu, na hilo halikuguswa hata kwa harusi.

Kuna jambo watu wa miradi hulisahau. Kwetu pesa ya mke ni ya mke. Matumizi ya nyumba ni juu ya mume. Baba alikuwa mvuvi wa dema, ule mtego wa samaki wa kusukwa, na hakuwahi kuuliza guni lilipimwa kilo ngapi. Upepo wa kusi ulipovuma akashindwa kutoka, mama alinunua mchele, akamwambia mbele yetu kuwa huo ni mkopo. Bahari ikitulia baba alilipa kwa samaki. Sikumbuki wakigombana kwa hilo. Nimefika kwenye nyumba nyingi ambako mume aliona mkewe ana kipato, akapunguza chake kimyakimya, na mwani ukageuka kazi ya bure. Huyo mke bidii yake ni ileile ya mama yangu.

Kwenye kotonii, mojawapo ya aina mbili za mwani tunazolima, mama alikuwa na uamuzi pia, ingawa mimi nauita bahati. Kotonii ililipa vizuri kuliko spinosamu, ile aina ya pili, karibu mara mbili, na kila mtu aliitaka. Miaka ya 2000 maji ya kina kifupi yakaanza kupata joto isilolihimili, matawi yakawa meupe, yakakatika. Mama alipoteza mbegu mara mbili, ya tatu hakujaribu. Wengine waliendelea kununua mbegu kwa mkopo wa mnunuzi, na mnunuzi aliyekukopesha kamba ndiye anayekupangia bei. Leo tunawaambia kotonii ihamishiwe kwenye kina kirefu, kwa maboya na mtumbwi. Ni ushauri sahihi, ila wengi wa ninaowashauri hawajui kuogelea.

Limebaki la dada, ambalo kwenye semina huwa silisemi. Mapande matatu yanataka mikono kila bamvu, na mama alikuwa na miwili. Dada yangu mkubwa alimaliza darasa la saba akabaki shambani. Hakufeli. Kulikuwa na kamba 300 za kufunga, na mimi nilikuwa mdogo bado, naonekana napenda kitabu. Basi ikapita hivyo, hakuna aliyekaa kikao. Nikipiga hesabu ya kilo kwa saa za kazi, kama tunavyofundishwa, shamba la mama linaonekana lina faida. Nikiingiza saa za dada kwa ujira wowote ule, hata mdogo, faida inatoweka, na kinachobaki kwenye safu ya mwisho ni mimi na cheti changu.

Mama sasa haingii majini, magoti na macho vimekataa. Anakaa kibarazani anafunga taitai. Mapande yote matatu ni ya dada. Hajawahi kunidai kitu. Mwaka jana nilimpelekea roli kumi za kamba mpya kutoka mjini. Alizikunjua moja moja uani, akazivuta kwa mguu, akaniambia mbili ni mbovu nizirudishe dukani.