William Forsythe hakuivunja baleti

Kila anapotajwa William Forsythe, mtunzi wa dansi aliyezaliwa New York mwaka 1949, kuna watu husema aliivunja baleti na kuitupa. Si kweli. Wanaosema hivyo wamesikiliza makelele ya muziki, hawakuitazama miguu.

Chukua In the Middle, Somewhat Elevated, aliyoitunga mwaka 1987 kwa Baleti ya Opera ya Paris, Rudolf Nureyev akiwa mkurugenzi. Muziki wa Thom Willems unagonga kama karakana ya vyuma, jukwaa ni tupu, na juu yananing'inia matunda mawili ya cheri yenye rangi ya dhahabu. Lakini mchezaji Sylvie Guillem na wenzake walicheza juu ya ncha za vidole vya miguu, kwa hatua zilezile za darasa la baleti. Alichobadilisha Forsythe ni chanzo cha mwendo. Kwa mazoea, mwili wa mchezaji hujipanga kuzunguka mhimili mmoja ulionyooka. Kwake yeye, bega, kiwiko au nyonga inaweza kuuongoza mwili mzima, na usawa wa mwili husukumwa hadi ukingoni mwa kuanguka. Bila misuli iliyofunzwa baleti kwa miaka mingi, hilo haliwezekani.

Ni kweli kwamba katika miaka yake 20 ya kuongoza Baleti ya Frankfurt, 1984 hadi 2004, alikwenda mbali: One Flat Thing, reproduced huchezwa katikati ya meza 20. Ila mwaka 1996 alitunga The Vertiginous Thrill of Exactitude kwa muziki wa Schubert, baleti halisi, ya kasi inayotisha. Na mwaka 2016 alirudi Paris na Blake Works I, viatu vya baleti miguuni mwa wachezaji.